Bwana Harusi Yuko Shambani

Jumapili iliyopita nilicheka kanisani, nikafinywa. Aliyenifinya ni mume wangu, na alikuwa na haki, maana padre alikuwa katikati ya Injili na watu wote tumesimama kimya. Ilikuwa ile habari ya mtu aliyeandaa karamu kubwa akaalika watu, nao wakaanza kutoa udhuru mmoja baada ya mwingine. Nje, mvua ya kwanza ilikuwa imeanza kugonga bati, na madirishani ikaingia harufu ya udongo mweusi uliokaa na kiu miezi mingi. Hapa Bariadi mjini siku hizi harufu hiyo huja imechanganyika na moshi wa bodaboda, lakini ni ileile. Padre akamfikia yule aliyesema amenunua ng'ombe jozi tano na anakwenda kuwajaribu. Harufu ikanipanda puani, na kicheko kikanitoka kabla sijakizuia.

Tulipotoka mume wangu akaniuliza kuna nini cha kuchekesha katika neno la Mungu. Nikamwambia sikucheka neno la Mungu, nimemcheka baba yangu. Mume wangu ni mtoto wa mjini, hajawahi kushika kamba ya ng'ombe maishani mwake, kwa hiyo ilibidi nimsimulie mpaka chai ikapoa mezani. Ninyi wenzangu mliokua na matope ya mbugani katikati ya vidole nadhani mtanielewa upesi zaidi.

Kijiji chetu kiko upande wa Maswa, mbele kidogo ya Shishiyu. Kanisa letu la kigango lilikuwa la matofali ya udongo, na hata mabenchi yalikuwa ya matofali, yamesiribwa vizuri, yanakaa ya baridi hata saa saba mchana. Padre alikuja mara chache, kwa pikipiki, kutoka parokiani ng'ambo ya mto. Siku zilizobaki aliyetuchunga alikuwa Katekista, Mzee Paskali, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, ambaye asubuhi alikuwa mkulima kama baba zetu na jioni mwalimu wetu wa dini.

Ni Mzee Paskali aliyetusimulia mara ya kwanza ule mfano wa karamu. Alipomaliza akauliza, kati ya wale watatu waliokataa kwenda, nani alikosa zaidi? Aisee, hapo ndipo darasa lilipowaka moto. Aliyesema amenunua shamba na anakwenda kulitazama tulimhukumu haraka: nani ananunua shamba kabla ya kulitazama? Mjinga huyo. Aliyesema ameoa naye tulimfunga, kwa sababu angeweza kwenda na mke wake wakala wote wawili. Lakini wa ng'ombe, jamani! Jozi tano ni ng'ombe kumi. Kijijini kwetu mwenye jozi mbili tu alikuwa akipita watu wanasimama. Halafu ng'ombe wenyewe hawajajaribiwa, na sisi watoto tuliwajua ng'ombe wasiojaribiwa, wanavunja plau, wanavunja na mguu wa mtu. Tukakata shauri kwa sauti moja kwamba yule wa ng'ombe ana ruhusa, na kama mwenye karamu alikasirika, basi labda yeye mwenyewe hakuwa mfugaji.

Mzee Paskali alijikuna kichwa. Na yeye alikuwa na jozi yake, na nadhani moyoni alituunga mkono kidogo. Akasema tutaendelea wiki ijayo, na wiki ijayo akaanza mfano mwingine. Hivyo mimi nikakua nikijua kwa hakika kwamba mbinguni kuna udhuru mmoja unaopokelewa, nao ni ng'ombe wa kulimia.

Sasa niwaambie habari za Mama. Kila padre alipokuja, wakati wa Komunyo ukifika, watu waliinuka benchi kwa benchi wakaenda mbele, na Mama akabaki amekaa. Wanawake wengine walimwachia vikapu vyao, miavuli, hata watoto wachanga. Mimi nilidhani hiyo ndiyo kazi yake kanisani. Nilijua kuna anayepiga ngoma, kuna anayefagia, kuna anayesoma, na kuna Mama, anayelinda mizigo ya watu. Nilijivunia kabisa. Nilikuwa nawaambia watoto wenzangu kwamba Mama yangu anaaminiwa kuliko wote, ndiyo maana hapewi nafasi ya kuondoka pale.

Aliyenitoa ushamba huo ni Shangazi Holo, dada mkubwa wa Baba. Shangazi alikuwa mnene, mcheshi, na hakujua kunong'ona. Siku moja tukimenya viazi vya kukausha michembe, nilimwambia habari ya cheo cha Mama, akaangua kicheko mpaka kisu kikamponyoka. Kisha akanieleza kwamba Mama na Baba walioana kwa ng'ombe, mahari ikaliwa, ngoma zikapigwa, lakini kanisani hawajafunga ndoa, na ambaye hajafunga ndoa kanisani hawezi kwenda mezani na wenzake. Nikauliza kwa nini hawafungi. Shangazi akasema, "Muulize kaka yangu, maana mimi nimemuuliza mpaka meno yameota mvi."

Baba jibu lake lilikuwa moja miaka yote: tukishauza pamba. Pamba ikauzwa, akasema msimu huu bei imekuwa ya kulia, tungoje ujao. Msimu ujao ukaja na wadudu. Mwingine ukaja na ukame. Watu wakaanza kusema kwamba Baba yangu, Simoni, ameshamla kuku, manyoya ya nini tena. Mama hakugombana naye. Hakuwa mtu wa kelele, Mama yangu, na ndiyo maana tulimwogopa.

Ila jioni moja, tumekaa tunakula, ugali upo, mlenda upo, maziwa mgando yapo, Mama akaweka mkono chini akasema, "Baba Minza, mimi nina njaa."

Baba akausogeza ugali upande wa Mama.

"Si hiyo," Mama akasema.

Baba naye akaacha kula, akanawa, akatoka nje akakaa peke yake karibu na zizi. Mimi, ambaye ndiye Minza mwenyewe, nilifurahi kwa sababu alibakiza mboga. Wiki hiyohiyo akaenda kwa Mzee Paskali, na Jumapili iliyofuata tukasikia majina yao yakitangazwa kanisani, Simoni na Monika, kama vile ni kijana na msichana waliokutana juzi kisimani. Watu wakapiga vigelegele. Wadogo zangu wakauliza kama na sisi tutazaliwa upya.

Siku zilezile Baba alikuwa amepata jozi mpya ya maksai kutoka mnadani. Mmoja alikuwa na tumbo kubwa na mwendo wa kujidai, tukamwita Diwani. Mwingine alimfuata Diwani kila aendako, hata pasipo na majani, tukamwita Katibu. Kazi ya kuwazoesha nira ilikuwa ya Baba na mimi. Mimi nilitangulia mbele nimeshika kamba, Baba akashika plau nyuma, tukawa tunakwenda na kurudi kwenye kipande cha uwanja nyuma ya nyumba, tukikwaruza udongo mkavu tu ili wajifunze kutembea pamoja.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia mambo. Ng'ombe kwetu huongeleshwa Kisukuma, wote mnajua hilo. Unamsifu kwa Kisukuma, unamtukana kwa Kisukuma. Lakini Baba alikuwa akisema na hawa kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha heshima, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kazi. "Naahidi kuwa mwaminifu kwako," nikamsikia anasema. Nikageuka. Akanifokea nitazame mbele. Tukafika mwisho, akasema "Hooo!" ng'ombe wakasimama, tukageuza, akaanza tena: atampenda, atamheshimu, siku zote za maisha yake.

Mimi sikushangaa sana. Nilijieleza kwamba hawa wametoka mnadani, wameuzwa na watu wa mbali, huenda Kisukuma hawakijui. Na mnyama aliyetoka kwa wageni lazima aahidiwe mema, la sivyo atatoroka arudi kwao. Nikaona Baba ana hekima. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilidhani baba wote hufanya hivyo wanaponunua ng'ombe. Kitu kimoja tu kilinisumbua, kwamba alikuwa anakwama mahali palepale. Akifika kwenye "taabu na raha" alikuwa anasita, anasema "katika... katika...", kisha anajipiga paja na kuanza upya. Diwani alikuwa akitikisa masikio tu.

Harusi ikapangwa Jumamosi. Mama alikwenda kulala kwa Shangazi Holo, ili atoke huko kama bibi harusi anavyotakiwa. Gauni jeupe aliazimwa na binti wa Mzee Paskali, likawa fupi kwake kidogo, na Shangazi akasema ni vizuri, watu waone kwamba bibi harusi ana miguu. Mbuzi alichinjwa. Sufuria kubwa za kanisa zikaja. Mimi nilishonewa gauni la njano lenye mikono ya kupulizwa, na nililala nimelikumbatia.

Alfajiri mvua ikanyesha. Siyo manyunyu, wenzangu, mvua yenyewe, ile tuliyokuwa tunaitazamia tangu majani yaishe. Kulipokucha ikakatika, jua likatoka, na ardhi yote ikawa inatoa mvuke na harufu. Mnajua udongo wetu. Kabla ya mvua ni tofali, jembe linaruka. Mvua ikizidi ni gundi, hata ng'ombe anakwama. Kati ya hapo kuna siku chache za baraka, na siku ya kwanza ndiyo tamu kuliko zote. Kijiji kizima kilikuwa kimeamka kinafunga nira.

Baba alisimama mlangoni amevaa suruali yake ya harusi. Akatazama mashamba. Akaingia ndani, akatoka amevaa ile ya shamba.

"Minza," akasema, "vua hilo gauni. Twende tukalime kidogo."

Nikamuuliza, na harusi je? Akasema padre hawezi kuwahi kwa njia ile ya matope, tutalima mistari kadhaa tu na kurudi. Alikuwa hanitazami. Nikamwona ana wasiwasi, nikamhurumia, nikamwambia asiogope, wa ng'ombe ana ruhusa. Hakuelewa nilichosema, lakini nilimwona amepata nguvu kidogo. Tukawatoa Diwani na Katibu tukaondoka.

Yaliyotokea huko nyuma nilisimuliwa na Shangazi Holo mara nyingi sana, kila mara akiongeza chumvi. Anasema kwanza alikuja mtoto kutoka kwa jirani wa bondeni, akasema baba yake anaomba radhi, amekodi shamba jipya na anakwenda kuona kama maji yameingia. Kisha akaja mwingine, kwao wamefunga ng'ombe, wasingojewe. Kila nyumba ikawa na lake. Shangazi akatazama zile sufuria za pilau akauliza nani atakula chakula hiki, au tuwaite kunguru. Katika wale watatu wa mfano waliokataa karamu alikuwa amebaki yule wa kuoa tu, na huyo hakuna aliyemdhania.

Padre akafika mapema. Alikuwa ametapakaa matope mpaka magotini, lakini anatabasamu, akasema mto umeanza kupanda na akichelewa hatavuka. Mgonjwa anamsubiri ng'ambo apakwe mafuta matakatifu, kwa hiyo tuanze mara moja. Mzee Paskali akatuma mtu nyumbani kwetu kumwita Baba. Mtu akarudi peke yake. Akasimama mlangoni kwa Shangazi, akatazama chini, akasema, "Bwana harusi yuko shambani."

Shangazi anasema hapo ndipo alipoutukana ukoo wote kuanzia babu, akasahau kwamba ni ukoo wake. Alishika mwiko, akataka kwenda kumleta kaka yake kwa masikio. Lakini Mama aliinuka kwenye kiti. Akashika gauni kwa mikono miwili, akavua viatu, akatoka. Shangazi akamfuata na mwiko mkononi, akimsihi arudi, kwamba bibi harusi hafuati mume porini. Mama akazidi kwenda. Padre alibaki amekaa kanisani, akitazama saa na mawingu kwa zamu.

Mimi nikigeuka nyuma niliona kitu cheupe kinakuja kwa mbali kwenye udongo mweusi, nikadhani ni korongo. Kilipokaribia nikaona ni Mama. Matope yalikuwa yamempanda mpaka kwenye mashavu ya miguu, na uso wake niliujua, ulikuwa ule uso wa kukuambia lete fimbo mwenyewe. Sisi tulikuwa tunakwenda upande wa pili, Baba amempa mgongo. Mistari ya siku hiyo ilikuwa imepinda vibaya. Baba hakuwa analima, alikuwa anatembea tu na plau. Na alikuwa anasema.

Safari hii alisema kwa sauti, kwa sababu alijua hatusikiwi na mtu. "Mimi Simoni," akasema, "nakupokea wewe Monika."

Nikasimamisha kamba. Ng'ombe wetu wote wawili walikuwa madume waliohasiwa, hakuna aliyeitwa Monika. Nikamtazama Diwani, nikamtazama Katibu. Monika nilimjua mmoja tu, na alikuwa amesimama nyuma ya Baba kwa hatua chache, gauni mkononi, mdomo umeshafunguka kumgombeza.

Hakugombeza. Alibaki vilevile, mdomo wazi. Baba akaendelea, akaahidi uaminifu, akafika kwenye taabu na raha. "Katika..." akasema. "Katika..." Akajipiga paja. Akainamisha kichwa juu ya mikono ya plau, na mabega yake yakashuka.

"Katika ugonjwa na afya," Mama akasema.

Baba aligeuka. Sijawahi kumwona mtu mzima ameshikwa namna ile. Alimtazama Mama, akatazama gauni, akatazama mistari yake iliyopinda. Kisha akaanza kuzungumza haraka haraka, Kisukuma na Kiswahili vimechanganyika. Alisema maneno yale yanamkimbia. Akiwa hapa na ng'ombe yapo karibu yote, lakini akifikiria watu wamekaa kimya wanamtazama, na padre ameshika kitabu, na yeye Kiswahili chake ni cha kupigia kura tu, yanakimbia yote. Alisema miaka yote alikuwa anasingizia pamba, na haikuwa pamba.

Mama alimwacha amalize. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Mimi nilidhani hunitaki mbele za watu."

"Nakutaka," Baba akasema. "Naogopa hao watu."

Nilimwona Mama anapigana na uso wake. Ulitaka kulia, ukataka kukasirika, mwisho kicheko kikashinda. Akacheka, akamwambia kumbe mwenzake amefunga ndoa na Diwani siku zote hizi na yeye Mama hana habari. Shangazi Holo, aliyekuwa amefika anahema, akakaa chini matopeni na kitenge chake kipya, akacheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kwa sababu wao wanacheka, huku akilini mambo yakijipanga upya moja moja, na nikaona aibu kidogo kwa niaba ya ng'ombe.

Mama akazunguka mbele. Akaniondoa kwenye kamba, akasimama katikati ya Diwani na Katibu, mkono mmoja juu ya shingo ya kila mmoja. Akamwambia Baba, "Haya, sema. Ukitutazama sisi watatu utaweza." Baba akashika mikono ya plau, akasema yote mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Mama akamwambia arudie. Akarudia.

Watu waliokuwa wakilima mashamba ya jirani wakaona bibi harusi amesimama kwenye nira. Nani angeendelea kulima? Walikuja wakikimbia, na majembe, na fimbo, na watoto mgongoni. Wale waliotuma udhuru walikuwa wa kwanza kufika, wakiuliza kuna msiba gani. Shangazi akawaambia hakuna msiba, kuna harusi na pilau, na asiyekuwepo na lake halipo. Tukaenda kanisani msafara mzima, miguu imejaa tope, wanawake wakiimba, na Diwani na Katibu wakitembea mbele kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwafungua.

Nimekua, nimesikia mahubiri mengi juu ya mfano ule. Wote huwasema vibaya waliokataa kwenda, kwamba walipenda mali kuliko Mungu, na labda ni kweli. Lakini mimi kila nikimsikia yule wa ng'ombe jozi tano namwona Baba. Najiuliza kama naye hakuwa mtu wa aibu tu, asiyejua kukaa kwenye meza kubwa, akaona bora awe na ng'ombe ambao hawamcheki. Udhuru mwingi ninaousikia mjini hapa ni wa hivyo. Jirani yangu haji kwenye sala za jumuiya, husema ana biashara, na nilipokwenda kwake nikagundua hajui kusoma na anaogopa kupewa kitabu asome. Siku hizi mtu akiniambia amenunua ng'ombe, huwa navua viatu nimfuate. Mwenye karamu wa kwenye Injili alituma mtumishi. Mama yangu alikwenda mwenyewe.

Basi, tukamkuta padre ameshavaa kofia ya pikipiki, kitabu kwapani. Alipoona umati ule na ng'ombe mbele, akaivua kofia akacheka. Akawaungamisha haraka nyuma ya kanisa, Baba akatangulia, Mama akafuata. Ndani kukajaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Harufu ilikuwa ya mvua, ya jasho na ya ng'ombe, na mimi nilikuwa mstari wa mbele na nguo ya shamba, gauni la njano likiwa nyumbani kitandani. Hakuna aliyejali.

Ulipofika wakati, Baba akasimama mbele ya Mama. Nilimwona anatazama watu, nikajua yanaanza kumkimbia. Kisha akakunja ngumi zote mbili mbele yake, kama ameshika plau, akamkazia Mama macho, akaanza. Alisema kwa ile sauti ya shambani, kubwa, yenye mwendo wa ng'ombe, na akapita kwenye taabu na raha, akapita kwenye ugonjwa na afya, akafika salama siku zote za maisha yake. Na alipofika mwisho, kwa mazoea tu, akasema, "Hooo!"

Kanisa zima liliangua kicheko. Padre aligeukia ukutani mabega yakimcheza. Mzee Paskali alijaribu kutunyamazisha, naye akashindwa. Mama alisema maneno yake kwa kicheko na machozi, na sidhani kuna aliyeyasikia yote, isipokuwa Baba.

Misa ikaendelea, watu wakatulia. Nje tulisikia radi ya mbali upande wa mto, na padre akawa anaharakisha kidogo. Ukafika wakati wa Komunyo. Padre akashuka mpaka mbele ya benchi la maharusi, akasimama na kile chombo mkononi, akangoja. Mama alikuwa amekaa. Alitazama kulia, akatazama nyuma, akajisogeza pembeni kidogo ili awapishe watu wapite, kama alivyofanya miaka yote. Hakufahamu kwamba anangojwa yeye. Mzee Paskali akamwashiria, hakumwona. Shangazi Holo, ambaye hakujua kunong'ona, siku hiyo alinyamaza.

Baba ndiye aliyeinuka. Mtu huyu aliyeogopa macho ya watu alisimama mbele ya kijiji kizima, akageuka, akamnyooshea Mama mkono wenye tope la shamba kwenye kucha.

"Mama Minza," akasema, "simama twende. Tumealikwa."

Mama akautazama ule mkono, akaushika, akainuka.